Picha za Kona ya Mtoto: Rangi Ipi, Ubao Upi na Mahali pa Kuzitundika

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wazazi na wazazi watarajiwa, Mombasa. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.

Waliokuja na watoto wachanga wasione haya mtoto akilia; ukumbi huu leo ni wao.

Mtu akitajiwa chumba cha mtoto, kinachomjia akilini ni kile chumba cha kwenye simu: kitanda cha mbao nyeupe, pazia lenye mawingu, ukuta mzima umechorwa twiga na ndovu. Hapa Mombasa familia nyingi hupanga chumba kimoja au viwili, na mtoto mchanga hulala na mamake chini ya neti moja. Chumba cha mtoto, kwa hivyo, ni ukuta wa ubavuni mwa kitanda, hatua mbili tu kutoka dirishani hadi kabatini. Ukuta huo unatosha. Mazungumzo haya yanahusu picha ambazo mzazi anaweza kuzichora na kuzipaka rangi kwa mkono wake na kuzitundika hapo. Yanahusu pia kitu kimoja kisichoonekana kwa macho ambacho kinaweza kuingia nyumbani pamoja na picha hizo.

Fundi mmoja wa rangi na mkewe, wakaazi wa Likoni, wamekubali kisa chao kisimuliwe bila majina. Walikuwa wamepoteza mimba ya kwanza. Ya pili ilipofika mwezi wa saba, fundi yule aliamua kumtengenezea mtoto picha tatu. Mamake hakupendezwa. Wazee wengi, wa Pwani na wa bara, hawapendi mtoto atandikiwe kabla hajafika, na baada ya yale yaliyotokea mama mkwe huyo alikuwa na sababu zaidi ya kuogopa. "Mwanangu, ngoja kwanza tumuone," alimwambia mkwewe. Hakuna afisa wa afya mwenye busara ambaye angebishana naye. Walikubaliana hivi: picha zitengenezwe, lakini zisitundikwe. Zikikauka zifungwe kwenye leso na ziwekwe chini ya kitanda, na siku ya kuzitoa itajulikana mtoto akifika.

Mabishano ya kweli yalikuja kwa upande ambao hakuna aliyeutarajia. Chini ya meza ya fundi kulikuwa na mikebe sita ya rangi iliyobaki kazini: manjano, nyekundu, rangi ya machungwa, kijani, yote rangi ya mafuta inayong'aa. Mingine ilikuwa imekaa miaka, karatasi zake zimebanduka. Rangi ya bure, tena nzuri. Mhamasishaji wa afya ya jamii alipokuja kumtembelea mama mjamzito aliiona, akauliza, "Shemeji, mikebe hii ina nini ndani?"

"Ni rangi tu, dada."

"Rangi ya nini? Ya mwaka gani?"

Fundi hakuwa na jibu, na hapo ndipo mama mjamzito alipokataa mikebe ile isifunguliwe ndani ya nyumba. Kwa siku mbili, kwa maneno yake mwenyewe, hawakusemezana vizuri. Mtu aliyeishi kwa kazi ya rangi miaka kumi aliona ameambiwa hajui kazi yake.

Mhamasishaji yule alikuwa na haki ya kuuliza. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa zile za manjano, nyekundu na machungwa zinazowaka, kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa kutiwa madini ya risasi ili ziwe na mng'ao, zikauke haraka na zisipauke. Viwango vya Kenya sasa haviruhusu rangi kuwa na madini hayo zaidi ya sehemu 90 kwa milioni. Kiwango hicho ni kizuri, lakini hakirudi nyuma kwenda kusafisha mkebe wa zamani uliosahauliwa chini ya meza, wala fremu ya dirisha iliyopakwa kabla ya kiwango kuwekwa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza vumbi lenye madini hayo, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na yeye ndiye atambaaye sakafuni na kutia kila kitu kinywani. Yanayoumia zaidi ni ubongo na neva: mtoto huchelewa kujifunza, hushindwa kutulia, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa mama mjamzito kuna jambo jingine. Madini ya risasi aliyoyapata zamani hujificha mifupani, na wakati wa ujauzito mifupa huweza kuyaachia yakaingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Mombasa inalijua jambo hili kuliko miji mingi. Wakaazi wa Owino Uhuru waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, wakaugua, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Mkebe mmoja wa rangi si kiwanda. Lakini madini ni yale yale, na mwili wa mtoto hauulizi yametoka wapi.

Fundi alipoelezwa kwamba vumbi la kazini linaweza pia kuja nyumbani kwenye nguo, hapo alinyamaza. Tangu siku hiyo hubadilisha nguo na kunawa mikono na uso kabla ya kuingia ndani, na nguo za kazi hufuliwa peke yake. Kila fundi wa rangi, wa betri na wa kuchomelea mwenye mtoto mdogo angefanya vyema kumuiga. Na kwa kuwa wapo hapa akina bibi: baadhi ya wanja wa manga uliopimwa katika nchi mbalimbali umekutwa na madini ya risasi pia. Nyusi za mtoto ni nzuri bila huo wanja.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe.

Mtoto mchanga haoni kama mtu mzima. Kwa majuma ya kwanza huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni takriban umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Rangi laini, zile samawati na waridi nyepesi ambazo maduka huzipenda, kwake ni kama ukungu. Anachokifuata ni weusi dhidi ya weupe, mistari minene, mviringo, na zaidi ya yote uso wa mtu. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Fantz alichapisha matokeo ya kuwaonyesha watoto wenye umri wa chini ya siku tano duara mbalimbali, moja baada ya nyingine. Waliitazama ile yenye sura ya uso, na zile zenye michoro, kwa muda mrefu kuliko zile za rangi tupu. Rangi huanza kuwakaa sawasawa kadiri miezi inavyokwenda, na kufikia mwezi wa nne au wa tano hivi huziona vizuri.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya mchoraji wa kona ya mtoto ni nyeusi, nyeupe, na nyekundu kidogo. Mwanamke yeyote wa Pwani akisikia rangi hizo tatu atataja kisutu kabla sentensi haijaisha. Leso ya kisutu, ile ya harusi, imekuwa na rangi hizo hizo tangu zama za mabibi, na maua yake madogo yaliyojipanga safu kwa safu ni mchoro ambao macho ya mtoto mchanga huweza kuushika. Mtu asiyejua kuchora hata kuku anaweza kunakili kipande cha kisutu akitumia rula na penseli.

Picha ya kwanza ya fundi wa Likoni ilikuwa hiyo. Ya pili ilikuwa jicho la jahazi: lile duara linalochongwa na kupakwa rangi kwenye omo la majahazi ya Lamu. Duara ndani ya duara ni rahisi kuchora. Sahani ikilazwa juu ya ubao hutoa duara kubwa, kikombe hutoa la kati, na kizibo cha chupa hutoa la ndani. Ya tatu ilileta mabishano mapya, safari hii ya kucheka. Fundi alichora kunguru, kwa hoja kwamba ni ndege mweusi mwenye shingo nyeupe na kila mtu wa Mombasa anamjua. Mkewe alikataa katakata mtoto wake asikaribishwe duniani na mwizi wa mkate. Kunguru alipakwa nyeupe juu yake, na mahali pake akaja kanga, ndege mweusi mwenye madoa meupe. Wengi husema leso iliitwa kanga kwa sababu ya madoa ya ndege huyo. Madoa yalipigwa kwa kitako cha penseli kilichochovywa kwenye rangi nyeupe, na mama mkwe, ambaye alikuwa amesema hataki kuhusika, ndiye aliyepiga mengi yao.

Ubao unaofaa ni plaiwudi nyembamba, kipande cha mraba cha sentimita 30 kwa 30. Seremala mara nyingi huwa na mabaki ya ukubwa huo na huyatoa kwa bei ndogo. Kingo zipigwe msasa mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe, na pembe zizungushwe kidogo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha ubao upakwe rangi nyeupe ya maji iliyoongezwa maji kidogo, ukauke, upakwe tena bila kuongezwa maji. Nyuma nako kupakwe, jambo ambalo wengi hulisahau. Hewa ya Pwani ina unyevu, na ubao uliopakwa upande mmoja hujikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye moto.

Asiyetaka ubao anaweza kutumia marekani, kile kitambaa kigumu cha pamba ambacho jina lake limebaki kutoka karne ya 19, wakati meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilipokileta Zanzibar. Kikivutwa juu ya fremu ya mbao na kupakwa rangi nyeupe mara mbili hushika rangi vizuri. Tena ni chepesi, na kikianguka hakiumizi. Kwa kweli kwa mtoto mchanga marekani ni bora kuliko ubao. Fundi wetu alitumia ubao kwa sababu ndio aliokuwa nao.

Kwenye rangi hakuna kubahatisha. Iwe rangi ya maji, mkebe uwe mpya na umefungwa, uwe na jina la mtengenezaji, tarehe, na alama ya KEBS pamoja na nambari yake ya kibali. Nambari hiyo huweza kuhakikiwa kwa kutuma neno SM likifuatwa na alama # na nambari yenyewe kwa 20023. Rangi ya maji ndiyo ambayo uchunguzi wa nchi nyingi umeiona kuwa na madini ya risasi kidogo sana au isiwe nayo kabisa. Tatizo limekuwa hasa kwenye rangi za mafuta. Harufu yake pia hupotea upesi, na brashi huoshwa kwa maji badala ya petroli au tina. Mkebe mdogo mmoja mweupe, mmoja mweusi na mmoja mwekundu hutosha picha kumi, kwa hivyo majirani watatu wakichangiana gharama haimlemei mtu. Mikebe ile sita ya fundi ilifungwa vizuri na kutolewa nyumbani. Rangi kuukuu isimwagwe kwenye mtaro wala isichomwe.

Hapa wapenzi wa michoro ya Tingatinga watauliza, nayo inauzwa kila mahali Pwani? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za mafuta za dukani kwenye vibao vya mraba, na waliomfuata wameendelea na rangi za namna hiyo. Ni sanaa ya kujivunia, na mtoto akikua ataipenda. Kwa kona ya mtoto mchanga, picha ya namna hiyo ikae juu ukutani mbali na mkono na mdomo, na ikianza kubanduka iondolewe. Anayependa mtindo wenyewe anaweza kuuchora kwa rangi ya maji. Haing'ai vile, lakini chui ni chui.

Kazi ya kupaka ifanyike nje, au ndani na madirisha wazi, mama mjamzito akiwa mbali na vumbi la msasa. Akitaka kuchora, achore. Rangi ya maji na brashi si tatizo, tatizo ni vumbi. Picha ikikamilika iachwe juma zima ipate hewa, na wakati wa masika iachwe zaidi, maana mvua ikinyesha rangi huonekana imekauka juu na chini bado ni laini. Jaribio lake ni kubonyeza ukucha pembeni: ukiacha alama, bado.

Ukuta nao utazamwe kabla ya picha. Nyumba nyingi za zamani za Mombasa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chumvi ya ndani huisukuma rangi nje mpaka ikatoka magamba. Kutundika picha nzuri juu ya magamba hayo ni kuficha, si kurekebisha. Rangi kuukuu inayobanduka, hasa ya mafuta kwenye madirisha na milango, isipigwe msasa ikiwa kavu wala isichomwe kwa moto. Ilowanishwe, ikwanguliwe taratibu juu ya karatasi ya plastiki, takataka zikusanywe zote, kisha mahali pafutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Mama mjamzito na watoto wasiwepo siku hiyo. Mpangaji amweleze mwenye nyumba. Ni mazungumzo magumu kwa wapangaji wengi, lakini fremu ya dirisha ni mali ya mwenye nyumba na mwenye nyumba ndiye anayestahili kuigharimia. Fundi wa Likoni aligundua dirisha lake la buluu lilikuwa katika hali hiyo hiyo. Alilishughulikia mwenyewe, kwa maji, mkewe akiwa kwa dadake.

Picha isitundikwe juu ya mahali mtoto analala. Hii haina mjadala, hata iwe nyepesi vipi. Iwe ubavuni, upande ambao mama hukaa akinyonyesha. Isiwe na kioo. Kamba ya kuning'inizia iwe fupi na ifichwe nyuma ya ubao, kwa sababu kamba ndefu hufika shingoni. Misumari isiguse neti ya mbu. Neti iliyotoboka kwa sababu ya picha ni hasara, na mama mjamzito ambaye hajapewa neti aulizie kliniki anapohudhuria. Kwa wiki za kwanza picha ya ukutani iko mbali mno kwa mtoto, kwa hivyo mzazi anaweza kuchora kadi ndogo ya aina hiyo hiyo na kuishika mwenyewe mbele ya macho ya mtoto akiwa macho na ametulia, dakika moja au mbili. Mtoto akigeuza uso, amechoka. Kadi isiachwe kitandani.

Wasiojaliwa kuchora wasijilaumu. Mtoto hahitaji picha ili ubongo wake ukue. Anahitaji uso wa mtu, sauti ya mtu na maziwa ya mamake. Faida ya picha kwa wengi ni ya mzazi, hasa baba, ambaye miezi tisa huipitisha akiwa hana la kufanya kwa mikono yake. Na walezi wanaolea watoto wa wenzao majumbani, na wale wa vituo vya kulelea watoto, ambavyo Katiba iliviweka chini ya kaunti, wana kuta kubwa kuliko za wazazi na watoto wengi wanaozishika. Maelezo ya rangi na vumbi yanawahusu wao mara mbili.

Mtoto wa Likoni alifika salama, msichana. Siku ya arobaini mama mkwe ndiye aliyeinama, akavuta leso kutoka chini ya kitanda na kuifungua. Jicho la jahazi lilikuwa limejikunja kidogo pembeni, kwa kuwa fundi alisahau kupaka nyuma. Sasa binti ana miezi minane na anasimama kwa kushika ukuta, na juma lililopita alimfikia kanga, akambwaga chini na kumlamba bawa. Rangi haikutoka. Msumari umepandishwa juu kwa dhiraa moja.

Mwenye maswali kuhusu rangi ya nyumba yake au afya ya mtoto wake amuone mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wake, au alete swali kliniki pamoja na kijitabu cha mama na mtoto. Mkebe wa rangi pia unaweza kuletwa, ukiwa umefungwa.